Korongo wa Bustani ya Chini

Mbwa yule tuliachiwa na mkubwa wa kazi wa mume wangu, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao mwaka uliofuata uhuru. Alikuwa mbwa wa kahawia, miguu mirefu, masikio yameanguka, na hakujua neno lolote la Kigusii wala la Kiswahili. Ukimwambia "kaa" alikutazama tu. Mume wangu alimwamrisha kwa Kiingereza, na majirani walitoka nje kusikiliza. Pamoja na mbwa tulipewa bakuli la bati na mkanda wa ngozi wa kumwongozea.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili mjini Kisii, nimeolewa miaka miwili, bila mtoto. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuzungukia wakulima waliokuwa wakianza kupanda chai, na ilimpeleka Keumbu, Ikonge na kwingineko, mara nyingine siku nne au tano bila kurudi. Mbwa akabaki nami. Mwanzoni sikumpenda. Nyumbani kwetu, upande wa Nyamira, mbwa alikuwa mlinzi, alilala nje na hakuna aliyemshika kichwa. Lakini nyumba ya mtu mmoja ina kimya chake, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nampikia ugali na omena, nikimsimulia habari za shule.

Jioni nilimpeleka bustanini. Hivyo ndivyo alivyozoezwa, na asipopelekwa alilia mlangoni hadi nikashindwa kusahihisha madaftari. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, chini ya barabara ya maofisi: nyasi zilizokatwa, mijakaranda michache, mabenchi manne, na mwisho wake kijito kilichopanuka kuwa kinamasi chenye mafunjo. Zamani palikuwa na kibao cha Kiingereza kilichosema mbwa wote wafungwe. Wazungu ndio waliotembeza mbwa pale, kwa hiyo kibao kilikuwa chao. Walipoondoka kiling'oka, na hakuna aliyeona haja ya kukirudisha.

Ndani ya mafunjo yale waliishi korongo wawili, dume na jike, wale wa kijivu wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Asubuhi walitoka kwenye nyasi wakatembea polepole kama wakaguzi wa shule. Watu waliokuja mjini kwa shughuli zao walikuwa wakisimama barabarani na mizigo yao kuwatazama.

Aliyewatunza alikuwa mtunza bustani, mzee wa kutoka Suneka. Sisemi alikuwa na kazi hiyo. Hakuna aliyemwajiri kutunza ndege. Alikata nyasi, akapogoa maua, akafagia. Lakini ndiye aliyeacha mafunjo ya upande wa chini bila kuyafyeka, ingawa alikuwa ameagizwa ayafyeke, na ndiye aliyewafukuza watoto waliokuja na manati. Nilimwita tata, kama tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu. Yeye aliniita mwalimu.

Mwezi mmoja kabla ya mvua kubwa alinijia kwenye benchi, kofia mkononi.

"Mwalimu, nina ombi."

"Sema, tata."

"Korongo wametaga. Wana mayai matatu. Nimeyaona kwa macho yangu nilipovuka kijito." Akamtazama mbwa, aliyekuwa akinusa huku na huku bila kamba. "Huyu simchukii. Ila kuanzia leo usimfungue humu. Wakiangua, vifaranga watatembea kwenye nyasi siku nyingi kabla ya kuruka. Mbwa anayekimbia hawezi kuwaacha."

"Nimesikia, tata. Nitamfunga."

"Nakuamini," alisema, akavaa kofia yake akarudi kwenye maua.

Nilimfunga kweli. Wiki tano au sita nilimtembeza kwa mkanda, na mzee akinipungia mkono kutoka mbali. Lakini mkanda ule ulinitesa kwa namna ambayo sikuwa nimeitarajia. Mbwa alikuwa na nguvu, akinivuta, nami nikimfuata nusu nikikimbia. Wanawake waliotoka sokoni walisimama kucheka. Mmoja aliuliza kwa sauti, ili nisikie, kama ni mimi ninayempeleka mbwa au ni mbwa anayenipeleka mimi. Mwingine akajibu kwamba asiye na mtoto wa kushika mkono atashika chochote. Neno hilo lilinikaa tumboni siku nyingi. Sikumwambia mume wangu.

Vifaranga walianguliwa, wakawa watatu. Mzee aliniita kunionyesha. Walikuwa na manyoya laini ya rangi ya unga wa wimbi, wakijikwaa nyuma ya mama yao, na mzee alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi, Sabato ya kanisa letu. Nilitoka kanisani mapema kwa sababu kichwa kiliniuma, nikakuta mbwa amekaa ndani tangu asubuhi, akilia. Nikambadilishia maji, akakataa kunywa. Nikachukua mkanda, tukashuka bustanini nikiwa bado nimevaa gauni la kanisa na viatu vya visigino.

Tulipofika katikati ya nyasi niliwaona akina mama wa kanisa wakija kwa njia ya chini, sita au saba, Biblia mkononi, wakienda kumtazama mgonjwa. Kati yao alikuwepo mama aliyesema lile neno la mtoto. Nikaona watakavyonikuta: mwalimu, mke wa bwana shamba, siku ya Sabato, ameaga kwamba anaumwa, kumbe anakokotwa na mbwa kama mke wa Mzungu. Wakati huo sikuwaza korongo hata kidogo. Niliinama, nikafungua kifungo cha mkanda shingoni mwake, nikaukunja na kuusukumia ndani ya mkoba wangu. Kisha nikaketi kwenye benchi kama mtu aliyekuja kupumzika peke yake.

Mbwa alisimama kidogo, kama asiyeamini. Halafu akaondoka mbio.

Vifaranga walikuwa nyasini, karibu na mafunjo. Nilimwona dume akipanua mabawa na kupiga kelele, ile sauti yao nzito kama ya tarumbeta. Jike yeye hakuruka. Alijitupa mbele ya mbwa, akaburuta bawa moja chini, akiyumba kama aliyeumia, ili mbwa amfuate yeye na kuwaacha watoto. Baadaye niliambiwa ndivyo wafanyavyo. Siku hiyo nilidhani amevunjika kweli. Mbwa akamfuata. Jike alitakiwa aruke dakika ya mwisho, lakini mbwa yule alikuwa mwepesi kuliko mbwa wa vijijini, akamdaka lile bawa, akamtikisa kama nguo.

Nilisimama. Kinywa kilikuwa wazi lakini jina la mbwa halikutoka, maana ningemwita, angenijia mbele ya wale akina mama.

Mzee alitokea ng'ambo ya kijito na fyekeo mkononi. Alikuwa Mkatoliki, Jumamosi alifanya kazi hadi saa saba. Alivuka maji bila kuvua viatu, akampiga mbwa kwa mpini. Mbwa akamwachilia ndege, akakimbilia upande wa juu, kwenye njia ya kwetu. Mzee akapiga magoti. Alivua koti lake akamfunika jike kichwa, kisha akambeba kifuani, bawa likining'inia.

Akina mama walikuwa wamefika, mbwa wakiwa wamemwona kwa mbali tu akipotelea juu. Walisimama karibu nami, wakilalamika kwa huruma.

"Mbwa wa nani yule?" mmoja aliniuliza.

"Sijui," nilisema.

Mzee alikuwa hatua kumi hivi kutoka tulipokuwa. Alisikia. Alinitazama, akautazama mkoba wangu, halafu akaendelea na safari yake kuelekea kibanda cha vifaa.

Alimfunga bawa kwa vijiti na vitambaa. Kila asubuhi nikienda shule nilipita barabara ya juu, nikiona mlango wa kibanda umeachwa wazi kidogo ili mwanga uingie. Dume alisimama nje ya mlango huo. Hakula nyasini, hakwenda kwenye mafunjo. Alisimama tu, na mara kwa mara akaita. Ndani kulikuwa na sauti iliyomjibu Jumatatu. Jumanne sikuisikia vizuri. Jumatano nilipopita, mlango ulikuwa umefungwa, na mzee alikuwa akichimba chini ya mjakaranda.

Ofisi iliyosimamia bustani ilikasirika, maana wakubwa walipenda kuwaonyesha wageni wale ndege. Mzee aliitwa akaulizwa mbwa alikuwa wa nani. Akasema hakumtambua. Wakamwambia basi uzembe ni wake. Aliondolewa bustanini, akapewa mkokoteni wa taka. Na kwa kuwa mbwa hakujulikana, wiki iliyofuata askari mwenye bunduki alitumwa kuua mbwa wote wasio na wenyewe. Fundi viatu wa karibu na soko alikuwa na mbwa mzee aliyelala chini ya kiti chake. Waliomwona akimsihi askari walisema alishika buti lake, na mbwa akapigwa risasi hivyohivyo. Mbwa wetu wakati huo alikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa komeo, nami nimeushika mdomo wake kwa mikono miwili asibweke.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Aliuliza kwanza kama kuna mtu aliyeniona. Nilisema mzee. Akasema, "Na hajasema?" Nikasema hajasema. "Basi tuache hivyo," alisema. Tukaacha hivyo. Mume wangu alimpeleka mbwa Ikonge kwa mkulima mmoja aliyemfunga mnyororo kwenye nguzo ya ghala. Nilisikia kwamba alikataa kula. Hakumaliza mwaka.

Nilikutana na mzee njiani mara nyingi, akisukuma mkokoteni. Nilimwamkia, akaitikia, "Mwalimu." Kila mara nilijiambia kesho nitamwambia. Mtu anaweza kuishi na kesho ya namna hiyo kwa muda mrefu kuliko anavyodhani. Nilipata watoto, wawili, mmoja baada ya mwingine, nikawa na shughuli. Siku moja nikagundua kwamba mkokoteni unasukumwa na mtu mwingine.

Miaka ilipita, tukaingia ile ya sabini, nikahamishiwa shule iliyokuwa karibu na Suneka. Huko nilisikia watu wakimtaja mzee aliyewahi kufanya kazi bustani ya mjini, mgonjwa wa kifua. Alhamisi moja, baada ya masomo, nilikwenda.

Nilimkuta ameketi nje kwenye jua, blanketi mabegani. Mkewe alikuwa shambani. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Mwalimu. Karibu. Umechelewa."

Nikadhani anasema kuhusu saa ya siku. Nikasema masomo yaliisha saa tisa. Akatikisa kichwa.

"Nilikuona ukimfungua," alisema. "Nilikuwa nafyeka ng'ambo, nikakuona umeinama. Nikasema, labda mkanda umelegea, anaukaza."

"Tata, nimekuja kuomba msamaha."

"Najua ulichojia."

"Kwa nini hukuwaambia? Walikunyang'anya kazi."

Alikohoa muda mrefu. Nilimshikia kikombe cha maji. "Ulikuwa umewaambia wale akina mama hujui," alisema alipopata pumzi. "Kama ningesema, ungekuwa mwongo mbele ya kanisa lako na mbele ya watoto unaowafundisha. Nikaona heri ningoje. Nilijua utakuja mwenyewe ofisini. Nilingoja hadi mvua zikaisha. Hata nilipokuwa na mkokoteni nilikuwa nangoja. Ukinisalimia, nasema, leo. Halafu unapita."

Kuku walikuwa wakipekua kando ya miguu yetu. Nilimuuliza vifaranga waliishia wapi, kwa maana sikuwahi kuthubutu kushuka tena bustanini.

"Wawili walikufa wiki hiyohiyo. Baridi. Mmoja aliishi. Nilikuwa nakwenda kabla ya kazi ya taka, alfajiri, nasimama pale hadi watu waamke, mbwa wasimfikie. Miezi mitatu. Siku aliyoruka, alipaa na baba yake wakaelekea upande wa ziwa. Hawakurudi." Akavuta blanketi mabegani. "Mimi nilimwona akiruka. Hicho ninacho."

"Tata, unanisamehe?"

Alinitazama kwa upole, lakini hakuharakisha. "Mimi sina kinyongo nawe, mwalimu. Nilichoka tu kungoja."

Niliahidi kurudi na dawa ya kifua na sukari. Nilirudi mara mbili, tukaongea habari za mvua na mahindi. Kisha nikaitwa Nyamira kwenye mafunzo ya walimu ya wiki tatu, na niliporejea niliambiwa amezikwa Ijumaa iliyopita.

Nilikwenda siku hiyohiyo jioni. Mkewe, mama mdogo wa mwili mwenye kitambaa cheusi kichwani, alinipeleka kwenye kaburi nyuma ya migomba. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Alinishukuru kwa ile sukari.

"Alikutaja sana," alisema. "Alisema wewe ni mwalimu aliyekuwa akija bustanini, mtu mzuri, aliyependa ndege kama yeye. Hakuniambia zaidi."

Nilifungua kinywa. Mama yule alikuwa amesimama peke yake mbele ya kaburi la mumewe, akinitazama kama anayengoja nimwambie jambo jema juu ya mtu wake.

"Alikuwa mtu mwema," nilisema.

Aliniambia nisubiri. Akaingia migombani na panga, akakata chane mbili zilizokomaa, akazifunga kwa majani makavu ili zisinichafue nguo, akanitwika. Nikazipokea, nikashukuru, nikaondoka nazo kwenda nyumbani.