Mjane wa Kulukulu

Mimi si mutu wa kushangazwa. Niliingia mashimo ya dhahabu ya Salamabila bila viatu, leo niko na pikipiki tatu na nyumba ya mabati. Udongo umenifukia mara mbili, nikatoka nikiuliza chakula. Kwa hiyo usidhani nakuletea hadithi ya kulaza watoto. Ilinipata mimi, saa sita ya mchana, na akili zangu zote.

Nilikuwa naenda Lusangi kuposa. Mama Zaina, mjane anayeuza mchele, ndiye niliyemtaka, sikumtaka mwingine. Mali ya mahari nilishapeleka, ilibaki kujionyesha mbele ya wajomba zake. Sasa, mutu kama mimi aende na kofia tupu? Siku moja kabla, nilimpiga kulukulu kwenye mtini nyuma ya nyumba: yule ndege wa buluu nyeusi, mdomo wa njano, ambaye akifungua mabawa utadhani yanawaka moto. Walikuwa wawili, wanakula tini. Nikaangusha mmoja, nikachomeka manyoya yake mekundu kofiani. Kwetu manyoya hayo anavaa aliyetawazwa tu. Mimi nani alinitawaza? Mfuko wangu.

Njiani mwanamke akanisimamisha. Kitenge cha buluu, kilemba chekundu. Nikampakia nyuma kwenye pikipiki. Mvua ikaanguka, akanishika kiunoni kwa mikono ya baridi.

"Patroni, manyoya hiyo ulitoa wapi?"

"Dada, mimi nikitaka kitu, napata."

"Ile iko ya mume wangu."

"Basi bwana yako alikuwa na kichwa kidogo!" Niamini, nilisema hivyo, na nikacheka.

Akaniinamia sikioni. "Umenifanya mjane. Na wewe utarudi peke yako."

Nikageuka. Kiti kitupu, na pikipiki haikusimama hata kidogo! Juu ya miti ndege mmoja akalia, kok-kok-kok, kama mutu anayecheka akikohoa.

Nikafika. Wajomba wamekaa, kuku wameiva. Nikafungua mdomo kusalimia, na unajua kilichotoka? Kok-kok-kok.

"Mukwe, umemeza nini?" akauliza mjomba mkubwa. Watu wakavunjika kwa kicheko.

Mama Zaina akaja na maji ya kunawa, akasimama ghafla. Anaangalia shati langu jeupe. Kiunoni, mikono miwili myekundu, kila kidole kinaonekana.

"Baba, hata siku ya posa unapitia kwanza kwa mwengine?"

Nikataka kumueleza. Kok-kok. Akamwaga yale maji miguuni pangu, akaingia ndani.

Sauti ilirudi siku ya nne. Mama Zaina hakurudi. Na mpaka leo, nikinyeshewa, kila shati ninalovaa linatoa vile vidole. Wewe unayesoma, mwache kulukulu ale tini zake, na nyoya usilopewa usilivae. Wajomba walisema mwenye kosa ni mimi, hawarudishi kitu. Mbuzi, vitenge na pesa, vyote pamoja: dola elfu moja mia nne sitini na tano.