Taa Nne, Taa Mbili

Marhoon hakuhitaji kusoma kadi ya gari. Mustang ya mwaka sitini na tisa aliijua kwa uso wake: taa nne, mbili zimekaa nje ya wavu wa mbele, na matundu ya hewa nyuma ya milango. Ya sabini ina taa mbili tu, zimeingizwa ndani ya wavu, na ubavu wake umelainishwa. Ami yake, Msellem, alikuwa nazo zote mbili chini ya kibanda kimoja nyumbani kwake Mawaleh, na akija mgeni, Marhoon ndiye aitwaye kuzieleza. Wizarani, Al Khuwair, alikuwa mtu wa mafaili. Lakini mtajie injini ya silinda nane uone anavyochangamka!

Alhamisi moja ya mwaka 1997 alikwenda kuomba ruhusa. Rafiki yake Aflah alikuwa anafungua gereji Wadi Kabir na anamtaka washirikiane. Kuacha wizara bila radhi za ami haikuwezekana: ndiye aliyempokea yatima kutoka Unguja, akamsomesha, akamtafutia kazi ile.

Alikuta baraza imejaa, kahawa inazunguka.

"Hebu waambie, Marhoon. Ipi bora?"

Moyo wake ulikuwa kwa ya sitini na tisa, siku zote. Ila kwetu kitu cha mtu hukisifii hivi hivi. Mwenyewe ataona haya asipokupa. Akaogopa kuonekana anaimezea mate ile ambayo hata ami aliipenda zaidi. Akaisifu ile nyingine.

"Ya sabini, ami. Imetulia. Ubavu ule, mashaallah!"

Msellem akatoa funguo mfukoni. "Basi yako."

"Ami, wallahi sikukusudia..."

"Nshasema mbele ya watu. Uende nayo wizarani, wakuone."

Marhoon akambusu kichwa, na maneno aliyoyakariri njia nzima hakuyasema. Nani apewe gari, kisha papo hapo aage? Fadhila ya punda ni mateke, wangesema, tena kwa haki.

Miaka saba akaiendesha. Gari lililoundwa kukimbia likasota kwenye foleni ya Al Khuwair, mshale wa joto unapanda, naye ndani na dishdasha, kanzu yake nyeupe ya kazini, amechoka na mafaili, amejichoka mwenyewe. Aflah akafungua gereji ya pili.

Mwaka 2004 Msellem alikuwa hainuki tena kitandani. Ijumaa moja Marhoon akimpa dawa, mzee akasema, "Siku ile nlokupa gari, ulikuja kuniaga."

Marhoon akamimina kijiko kingine.

"Babake Aflah alishanambia. Nkawaza, ntakuzuia vipi bila ya kukukataza? Ndo nkakuuliza ipi bora." Akakohoa. "Ungesema yoyote, ningekupa."

Hasira ilimpanda Marhoon mpaka dawa ikamwagika kidogo kwenye shuka. Akaifuta. Mzee alikuwa amefumbua kinywa, anasubiri kijiko.

"Gari inakwenda vizuri lakini?" akauliza alipokwisha kumeza.

"Inakwenda, ami."

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi, saa moja asubuhi, alikuwa kwenye foleni ya Al Khuwair.