Daktari Aliyeolewa na Mwingine

Fundi friji huyu hakuwa mtu wa hasira. Waliomzoea walimwita Baridi, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Mteja angeweza kumfokea tangu mlangoni hadi kwenye benchi, naye akaendelea kufungua kompresa kana kwamba anaimbiwa. Kitu kimoja tu kilimtoa katika utulivu wake, nacho ni tamthilia ya "Upeo wa Tisa", iliyorushwa kila Jumamosi jioni, habari za watu waliopotea angani na chombo chao wakitafuta njia ya kurudi kwao.

Alianza kuitazama peke yake, mkewe akimcheka. Mkewe alifanya kazi maabara, hospitalini, na alisema vya ajabu anavyoviona kwenye hadubini vinamtosha. Kisha mama mkwe akaja kukaa nao baada ya kupasuliwa jicho. Kwa kuwa hakuweza kusoma maandishi madogo ya tafsiri yanayopita chini ya picha, Baridi akawa anamsomea. Mwanzoni ilikuwa heshima tu, baadaye ikawa raha. Mtu na mama mkwe wake huwa na machache ya kuzungumza. Wao walikuwa na chombo kizima cha watu wa kuwasengenya.

Kipenzi cha Baridi kilikuwa mhandisi wa chombo, mtu wa mikono michafu na maneno ya kuhesabu, aliyempenda daktari kimyakimya msimu baada ya msimu. Walipooana hatimaye, Baridi alifuta macho na kusingizia vumbi. Sasa kipindi kilichopita kilikuwa kimekatikia pabaya: hewa inavuja, mhandisi amejifungia kwenye chumba cha mitambo, daktari yuko nje anagonga mlango. Wiki nzima Baridi alihesabu siku.

Jumamosi akafunga karakana mapema, akaoga, akakaa kitako. Picha ikafunguka, na hapakuwa na mlango wala hewa inayovuja. Palikuwa na bustani. Daktari, ndani ya gauni la njano, alikuwa anamwagilia maua.

Iliwachukua muda kuelewa. Wakati wenyewe ulikuwa umepasuka, na walichokuwa wakionyeshwa ni maisha ambayo daktari angeyaishi kama siku ile ya kwanza angepanda chombo kingine. Katika maisha hayo hakuwahi kukutana na mhandisi. Alikuwa ameolewa na rubani mrefu, mwenye meno mazuri na nyumba ya madirisha mapana. Mhandisi alionekana mara moja tu, akipita kwa nyuma na ngazi begani.

Baridi alisoma kwa sauti iliyozidi kukauka. Rubani akamshika daktari mkono, daktari akasema jambo, Baridi akanyamaza.

"Mbona kimya? Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Amesema maua yamependeza."

"Midomo yake imecheza zaidi ya hapo, baba."

Baridi akakiri. "Amesema hajawahi kuwa na furaha kama hii."

Mama mkwe akajiegemeza kwenye kochi, akatulia kama mtu aliyepokea salamu njema kutoka nyumbani.

Mwishoni ufa ukazibika, bustani ikafutika, daktari akaamka ndani ya chombo bila kukumbuka chochote. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Hewa bado inavuja, mhandisi bado kajifungia.

Baridi akasema wamepigwa changa la macho. Kuna faida gani kumwonyesha mtu mambo ambayo hayakutokea, na ambayo hata waliomo hawayakumbuki? Mteja akimletea friji bovu, naye akamrudishia picha ya friji linalogandisha, si atapigwa nalo?

Mama mkwe hakuona tatizo. Kwake hicho kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote. Daktari ametulia, ana kwake, ana mume anayerudi nyumbani msafi. Mhandisi ni mtu mwema, hamkatai, ila mwanamke yule alistahili vile.

Lile neno "msafi" likamwingia Baridi kama mwiba. Kabla yake, mkewe alikuwa akitakwa na mpima ardhi, mtu wa gari na shati jeupe, aliyefika hadi kuleta wazee. Hakuna aliyemtaja waziwazi mbele ya Baridi, lakini mashemeji walikuwa na utani usio na breki, naye alikuwa ameunganisha mambo mwenyewe.

"Mama," akasema, na sauti haikupanda, "tunamzungumzia daktari au tunamzungumzia mwanao?"

Mama mkwe akavua miwani yake ya giza, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Umeuliza, sitakudanganya. Nilimtaka yule mpima ardhi. Nilimtaka sana. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

"Basi."

Hiyo "basi" ndiyo iliyomkera kuliko yote. Aliingoja ifuatwe na neno jingine, kwamba alikosea, kwamba siku hizi anaona vingine. Hakikufuata kitu, isipokuwa kwamba saa ya dawa ya jicho imefika. Mkewe alikuwa bado zamuni, kwa hiyo Baridi akamdondoshea mama mkwe dawa kama kila jioni, mkono umetulia, moyo unatokota.

Mkewe aliporudi akasikia habari kwa kila mmoja kivyake, akacheka hadi akashika ukuta. Akasema yule mpima ardhi alikuwa akizungumzia mipaka ya viwanja mpaka mtu anasinzia na kijiko mkononi. Baridi akamuuliza kama huwa anayafikiria maisha yale.

"Nimesimama tangu asubuhi," mkewe akasema. "Unataka nichoke na ya huko pia?"

Pengine lilikuwa jibu zuri. Baridi alilipekua juu chini, asione alichokuwa akikitafuta. Karakanani alimweleza mwenzake mkasa mzima, naye akauliza rubani alikuwa na kosa gani. Baridi akamnyima bisibisi siku nzima.

Jumamosi iliyofuata alisema kazi zimembana, akabaki kufumua friji ambalo mteja wala hakuwa na haraka nalo. Aliporudi, kipindi kilikuwa kimekwisha. Bila kuulizwa, mama mkwe akamwambia kwamba mhandisi amekufa, nahodha ameuza chombo, na daktari ana mimba ya roboti.

Baridi akasimama mlangoni. "Nani amekusomea?"

"Mwanangu alijaribu. Anasoma kama anatoa majibu ya mkojo. Nikamwambia aniache, nitaangalia nyuso."

Baridi akasema haiwezekani. Nahodha yule hawezi kuuza hata kijiko cha chombo kile.

"Marudio ni kesho mchana," mama mkwe akasema. "Kama wewe unajua, njoo unisomee."

Kesho yake mchana alikaa, kiti cha mbali, akasoma maneno yote bila kuyatia ladha. Mhandisi hakuwa amekufa. Alikuwa amelazwa, kichwa kimefungwa bandeji, daktari pembeni yake. Baridi alingoja mpaka mwisho, akitumaini kwamba walau daktari atashtuka, walau atakumbuka ua moja la bustani ile na kuliona si lolote. Hakukumbuka.

Mama mkwe akasema mhandisi amekonda.

Baridi akasema ndiyo, amekonda, na waliotunga mambo haya hawaijui kazi yao. Mama mkwe akakubali kwamba hawaijui.