Fundi wa gesi aliyekataa kuweka kijiti

Saa mbili na robo asubuhi, fundi wa gesi amelala chali kwenye sakafu ya gari namba saba, kichwa chake kimezama ndani ya oveni hadi mabegani. Ukisimama mlangoni huoni kitu ila ovaroli ya bluu iliyopauka magotini na viatu viwili vya ngozi. Kimoja kimefungwa kwa kamba, kingine kwa waya.

"Mama Povu, umelala au umekufa?" anauliza muosha magari, ndoo mkononi.

"Nikifa si wewe utaniosha? Kazi yako kuosha."

"Kwa ovaroli hiyo, nitaongeza bei."

Kicheko chake kinatoka ndani ya oveni kama cha mtu aliye kisimani. Kisha kinakatika. Tochi inahama kutoka kona moja hadi nyingine, na fundi anarudi kwenye kazi yake.

Gari namba saba ni nyumba yenye magurudumu. Mbele kuna usukani, nyuma kuna kitanda, na katikati kuna sinki, meza ya kukunja, jiko la mafiga mawili na oveni ndogo isiyozidi ukubwa wa begi la safari. Yadi hii ina magari kumi na mawili ya aina hiyo, ya kukodisha kwa familia zinazosafiri. Leo saa nne wanakuja mume, mke na mtoto wao wa kike, na watalala humu siku tisa. Oveni haiwaki tangu jana.

Mama Povu ana miaka arobaini na minne. Jina hilo walimpa wenzake wa yadi kwa kumdhihaki, kwa sababu hatembei bila chupa yake ya maji ya sabuni. Kila kiungo cha bomba hukipaka povu kwa brashi, hata kile alichokipaka jana, kisha huinama na kutazama. Povu likichemka, gesi inavuja. Likitulia, anahamia kiungo kingine.

"Wananicheka, eti pua si ipo," anasema. "Mimi pua yangu ni ya kuvalia miwani."

Asubuhi hii ameanza nje, kwenye mtungi. Ameunyanyua na kuusikia mzito. Amefunga koki, akasubiri kidogo, kisha akaifungua taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Anasema wateja wengi huifungua kwa pupa, na koki ikifunguliwa kwa pupa mtungi hudhani bomba limekatika, unajibana, gesi inapita kiduchu na oveni inagoma. Mara nyingi ugonjwa wote huwa ni huo. Leo sio.

Amepaka povu, limetulia. Amewasha mafiga ya juu, moto ukasimama wa bluu, umenyooka. "Basi gesi inafika hadi jikoni," anajiambia kwa sauti. "Kosa liko huku chini."

Anapiga magoti, anabonyeza kitufe cha oveni na kuwasha. Kule nyuma kinatokea kimoto kidogo kama ukucha. Anahesabu hadi thelathini bila kuachia kitufe, kidole kinabadilika rangi. Anaachia. *Tak.* Kimoto kinazimika.

Anarudia, safari hii anahesabu hadi sitini. *Tak.*

Ndiyo maana muosha magari alimkuta amejilaza chali. Ndani kule, pembeni mwa kimoto, kuna kijiwaya cha shaba ambacho ncha yake inatakiwa ikae ndani ya moto muda wote. Mafundi wanakiita mlinzi. Kikisikia joto, kinaruhusu gesi ipite. Moto ukizimwa na upepo, kinapoa, na chenyewe kinafunga gesi. Amekisugua kwa msasa, amekaza nati yake, amekisogeza karibu na moto kwa unene wa karatasi. Anajaribu mara ya tatu.

*Tak.*

"Mlinzi amekufa," anasema, na kukaa kitako sakafuni. Duka la vipuri limemwambia kwa simu kwamba mpya atapatikana keshokutwa.

Bosi wa yadi anaingia saa tatu na dakika kumi. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, anayempa shikamoo kila mtu, anayestahili na hata asiyestahili. Gari zima linainama upande wake.

"Vipi, dada yangu, imewaka?"

"Inawaka, haikai. Mlinzi amekufa, bosi. Kipuri keshokutwa."

"Keshokutwa wageni watakuwa wapi? Mama mtu ameniambia mwenyewe kwenye simu, anataka oveni, mtoto wake ana siku ya kuzaliwa njiani. Weka kijiti."

"Siweki."

"Siku tisa tu. Wakirudi unabadilisha."

"Bosi, wanalala humu ndani."

Bosi anatazama saa yake, halafu anatazama oveni, halafu anasema kwa upole uleule, "Kwani kaka yako alikuwa anafanyaje?"

Muosha magari, aliyekuwa anapangusa kioo cha nje, anaacha kupangusa.

Kijiti ni ujanja wa mafundi. Unachonga kipande cha mti chembamba kama njiti ya kiberiti, unakikandamiza pembeni mwa kitufe ili kitufe kibaki kimebonyezwa. Oveni inawaka na inakaa. Mteja anafurahi. Ila mlinzi hana tena mamlaka. Moto ukizimika, gesi inaendelea kutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inashuka sakafuni, inajaa kimya kimya hadi usawa wa kitanda.

Aliyemfundisha Mama Povu kazi ni kaka yake mkubwa, aliyezaliwa naye tumbo moja, anayempita miaka tisa. Walimwita Daktari, na alikuwa fundi wa yadi hiihii. Miaka sita iliyopita, asubuhi yenye haraka kama hii, aliambiwa aweke kijiti ili mteja akifika akute oveni inapika. Aliweka. Akatoka kunywa maji. Mlango ulikuwa wazi, upepo ukapita, moto ukazimika. Aliporudi akaona oveni imelala, akainama na kuwasha kiberiti cha gesi.

"Watu wanauliza, fundi mzima, hakusikia harufu?" anasema Mama Povu. "Alikuwa ameshinda na mitungi tangu alfajiri. Ukishinda na gesi, pua inachoka, inaizoea. Mteja angesikia. Mpita njia angesikia. Fundi ndiye asiyesikia."

Daktari alikaa hospitalini miezi minne. Alitoka na uhai, na vidole vilivyoshikana kama vya mtu aliyevaa glavu asizoweza kuzivua. Wifi alivumilia mwaka na nusu, kisha akaenda kwao kusalimia na hakurudi. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuvaa ovaroli, Mama Povu humkatia kaka yake mkate vipande vidogo, humnywesha chai kwa mrija, na kumfunga vifungo vya shati. Dawa ya kupaka ngozi inakula robo ya ujira wake wa mwezi. Kodi ya chumba chao inakula nusu.

Bosi alikwenda hospitali mara moja, na mfuko wa machungwa. Alipoulizwa nani aliyesema kijiti kiwekwe, alijibu kwamba fundi ni mtu mzima, alijiamulia. Miezi miwili baadaye akampa dada mtu kazi ya kaka mtu, na yadi nzima ikamsifu kwa utu wake.

"Wananiuliza nilikubalije," anasema Mama Povu. "Nawauliza, nyie mngenipa kazi? Nilizunguka gereji kumi na moja. Moja waliniambia nipeleke mume wangu. Nikawaambia sina. Wakasema basi nipeleke kaka."

Sasa, katika gari namba saba, anainuka polepole na kupangusa mikono kwenye ovaroli.

"Kaka yangu alifanya ulivyomwambia," anasema.

"Usinipeleke huko."

"Wewe ndiye umenipeleka."

Hapigi kelele. Anatoka nje, anafunga koki ya mtungi, anarudi na spana mbili. Anafungua bomba linalokwenda kwenye oveni, na mahali pake anakaza kizibo cha shaba. Anapaka povu. Anatazama. Limetulia. Mafiga ya juu yatafanya kazi, oveni haitapata gesi hata wakiiombea dua.

"Toa hicho kitu," Bosi anasema.

"Nitakitoa mlinzi akija."

Saa nne kasorobo familia inafika. Mtoto ndiye wa kwanza kupanda garini, anapima kitanda kwa kukirukia. Bosi anawakaribisha kwa tabasamu pana, anawaonyesha meza ya kukunja, taa, sinki. Oveni anairuka.

"Na hii?" anauliza mama wa mtoto, akiwa ameshika kitufe.

Bosi anafungua mdomo. Mama Povu anamtangulia. "Oveni ni mbovu, mama. Nimeifunga. Akija mtu mwingine akawaambia ameitengeneza leo, msikubali."

"Jamani! Mbona kwenye simu mlisema kila kitu kizima?" Mama yule hamshukuru. Uso umemvimba kwa hasira, na anamkasirikia huyohuyo aliyemwambia ukweli, maana ndiye aliye karibu. "Mimi nimemwahidi mwanangu keki. Nyie watu hamna aibu?"

"Samahani, mama."

Bosi anawaomba radhi mara tatu. Anafikiri kidogo, kisha anamwita muosha magari. "Namba nne ikoje?"

"Nzima, bosi. Chafu tu, ilirudi juzi na matope."

"Ioshe."

Kwa hiyo ilikuwepo. Ilikuwa imeegeshwa ukutani tangu juzi, oveni yake nzima, mlinzi wake mzima, ikisubiri ndoo tatu za maji. Muosha magari anaimaliza kwa dakika arobaini. Familia inahamisha mabegi na kuondoka, mtoto akipunga mkono dirishani kwa yeyote anayemwangalia. Mama Povu anampungia.

Bosi anasubiri geti lifungwe. "Dada yangu, nilikuchukua kwa huruma. Sikujua nachukua mtu wa kunivua nguo mbele ya wageni. Kusanya vifaa vyako."

Anakusanya. Spana nne, bisibisi tatu, msasa, tochi, chupa ya sabuni. Muosha magari anamsindikiza hadi getini. Pale anasema, "Sasa nani atakuwa na povu hapa? Nimebaki mwenyewe." Anajaribu kucheka, kicheko hakiji.

Wiki tatu baadaye, saa tisa alasiri, Daktari amekaa kwenye kiti nje ya chumba chao, mikono juu ya mapaja, macho ameyafumba. Mbele yake kuna oveni kuukuu isiyo na mlango, aliyoitupa mtu. Mama Povu anaiwasha.

"Sikiliza," anasema Daktari. "Inakohoa. Kuna buibui amejenga kwenye tundu."

Anazima, anafungua, anachokonoa kwa waya mwembamba. Utando mweupe unatoka. Anawasha tena, na moto unavuma sawasawa.

"Ehee," anasema kaka mtu bila kufumbua macho. "Mikono imekwisha, masikio bado yanadai kazi."

Hiyo ndiyo mipango yao: banda kando ya barabara wanakopita wenye magari-nyumba, yeye mikono, kaka masikio. Wanahitaji mabati manane na wana matatu. Tangu afukuzwe amepata wateja wanne tu, na mmoja wao alitaka kijiti, akakosa, akaenda zake akilalamika. Dawa ya ngozi inapakwa mara moja kwa siku badala ya mbili. Daktari anasema hahisi tofauti. Dada yake anamsikia akijikuna.

Yadi ilipata fundi mwingine siku ileile. Namba saba imeshatoka mara mbili. Mama Povu anajua, maana akienda sokoni hupita upande wa uzio wa yadi na kuhesabu magari.

"Nikiliona limerudi, nashusha pumzi," anasema. "Sijui kama waliweka mlinzi au waliweka kijiti. Siwezi kuingia kuangalia. Nachoweza ni kuhesabu tu."

Banda halijasimama, lakini kibao chake kipo tayari, kimeegemezwa ukutani. Rangi nyekundu juu ya ubao mweupe: FUNDI WA GESI. HATUWEKI KIJITI. Maneno yote aliyaandika yeye, isipokuwa herufi ya mwisho. Ile alimwachia kaka yake, akambania brashi katikati ya viganja viwili na kumshikia ubao. Ilichukua muda mrefu. Imepinda, na rangi imechirizika hadi chini.

Daktari anataka ifutwe iandikwe upya. Anasema itawafukuza wateja, watauliza ni nani aliyeandika vibaya hivyo.

"Iache hivyohivyo," anasema Mama Povu, na kuinamia oveni. "Nataka waulize."