Viatu vidogo katika mashairi ya shemeji

Mtu wa kwanza kuja kumposa mdogo wangu alikuwa Mmarekani, akaja bila mshenga, kwa basi, na mkoba uliojaa mashairi. Tulikaa Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, katika maghorofa mapya ambayo yalikuwa bado yananuka rangi. Mimi nilikuwa muuguzi. Mdogo wangu nilimleta kutoka Tanga aje asome, na kwa kuwa nilimlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, neno la kumwoza lilikuwa langu.

Nikamwuliza Mmarekani yule kazi yake. Akasema ni mshairi. Nikamwambia nimeuliza kazi. Akacheka, mimi sikucheka. Alikuwa amekataa kwenda kupigana Vietnam, akakimbilia Stockholm, na kwa hilo nilimpa heshima yake. Lakini mtu aliyekimbia kwao hujisimulia apendavyo, nani atambishia? Nilipomtaka alete mshenga, akamleta mkimbizi mwenzake, ambaye alikula pilau kwa bidii na hakujua hata rafiki yake alizaliwa mji gani.

Tena alizoea upesi mno. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sikuwa nalo, nikampa kisu amenye viazi. Akamenya, huku akiniita shemeji. Nikamwambia ushemeji bado haujafika.

Kilichonitia shaka zaidi ni mashairi yenyewe. Baba yetu alikuwa mtunzi. Shairi lake likighaniwa, majirani hawakuuliza kama ni zuri. Waliuliza anaambiwa nani, na limeficha nini. Nilikua na masikio hayo. Huyu nilimsikia katika ukumbi wa maktaba, akisoma karatasini bila vina, bila mahadhi, kama karani anayeita wagonjwa. Waswidi wakapiga makofi. Mimi nikanunua kijitabu chake, nikawa nakisoma ndani ya basi nikienda kazini.

Kiingereza changu ni cha hospitali, lakini kilitosha. Katika shairi la theluji mlikuwa na viatu vidogo mlangoni. Katika shairi la vita, viatu vidogo tena. Na katika lile alilolipenda mdogo wangu kuliko yote, alisema kwamba mtoto akiendesha baiskeli hufunga breki kwa mguu, na kiatu cha mguu huo hutoboka kidoleni kabla ya mwenzake. Nikakifunga kitabu. Jambo hilo hulijua aliyewahi kumnunulia mtoto viatu.

Muuguzi mwenzangu, Mkenya, alinicheka sana. Alisema kwa wenzetu hawa shairi ni mawazo tu, halimshtaki mtu. Huenda. Lakini lisemwalo lipo, na huyu alikuwa akilisema kila ukurasa.

Jumapili nikawapikia mdogo wangu na mgeni wake. Nilingoja mgeni apokee chai yake, ndipo nikamwuliza polepole, "Mtoto wako sasa ana umri gani?"

Hakukana wala hakukasirika, alitazama kikombe tu. Nikaona nimeshinda, nikamgeukia mdogo wangu nimpe pole.

"Anaanza shule mwaka huu, dada," mdogo wangu akasema. "Ni wa kike. Yuko kwa mama yake."

Kikulacho ki nguoni mwako. Muda wote ule nilimchunguza mgeni, kumbe aliyenificha ni huyu niliyembeba mgongoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungekataa." Liliniuma neno hilo kuliko habari za mtoto, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikataa, nikanuna, kisha nikakubali, maana msichana aliyeweza kunificha hilo angeweza kunificha na ndoa.

Walioana hapa hapa Stockholm. Rais wa kwao alipowasamehe waliokataa vita, wakahamia Marekani, na huko jina la shemeji likaanza kupanda. Akapata kazi ya kufundisha chuoni, akaalikwa huku na huku kusoma. Barua za mdogo wangu zilisema kila mara wao ni wazima na baridi ni kali. Sikuzitegemea. Nilisubiri vitabu.

Cha kwanza kilipofika nilikisoma kwa woga. Viatu vidogo vilikuwamo bado, lakini palikuwa na kanga pia, imeanikwa bafuni, na harufu ya iliki, na mwanamke anayeimba akichagua mchele. Nikapumua. Mimi mwenyewe nilikuwamo, mwanamke mwenye kisu asiyecheka. Viazi alimenya yeye, kisu nikapewa mimi!

Kitabu kilichofuata ndicho kilichompa tuzo. Muuguzi mwenzangu aliniletea kutoka dukani, akanipongeza kama vile nimekiandika mimi. Nikakisoma mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Mlikuwa na mto, na theluji, na vile viatu vya mtoto, ambavyo sasa vilikuwa vimekua. Kanga haikuwamo. Iliki haikuwamo. Nikatafuta hata mchele.

Sikuandika barua, nilipiga simu, na wakati ule simu ya Marekani ilikuwa anasa. Mdogo wangu akapokea kwa furaha. Wote wazima, akasema, shemeji yuko safarini anasoma mashairi yake, anakusalimu sana. Nikamwacha amalize.

"Shemeji alihama lini?" nikamwuliza.

Hakukana, vile vile mumewe asivyokana siku ile mezani. Nikamwambia chumba chake kipo, aje. Safari hii sikumwuliza kwa nini hakuniambia.