Nimeiumbua programu, nimemponza mjukuu

Leo nimefeli hesabu za watoto, tena kwa makusudi.

Mjukuu wangu Mwanaisha anasomea ualimu wa hesabu. Wiki nzima analia kwamba programu ya simu inayofundisha hesabu itampokonya kazi kabla hajaipata.

Asubuhi akanikalisha barazani hapa Bombolulu. "Babu, leo wewe ndiwe mwanafunzi wangu. Programu ikuulize, ujibu."

Moyoni nikasema, leo naiumbua!

Nusu jumlisha robo? Nikajibu saba.

Ikanipongeza kwa kujaribu, ikanieleza upya. Nikajibu saba tena. Mara kumi na moja, wallahi, mpaka ikanishusha kwenye kuhesabu maembe.

Nikamrudishia simu nikicheka. "Haijui kufundisha hii. Kazi yako ipo, mama."

Akaitazama, akashika kichwa. "Babu! Chuo kinanipa alama kulingana na jinsi mwanafunzi wangu anavyoendelea humu!"

"Si unaichukia?"

"Naichukia sana! Kaa, anza upya."

Basi nimekaa. Chai imepoa. Nikikosea, programu inanipongeza, Mwanaisha ananifinya.

Nyinyi mlio na walimu majumbani, nielezeni: hapa namtetea nani?