Jua Lililoishia Kwenye Shali

Siku mtoto alipokataa titi tulikuwa watano chumbani: mimi, dada yangu anayenifuata, ambaye ndiye aliyemzaa, mdogo wetu wa mwisho, wa kidato cha tatu, mama jirani anayeuza maziwa hapa kwenye ploti yetu Yamumbi, na mtoto mwenyewe, wa siku sita, ambaye hakuwa amepewa jina. Baba wa mtoto hakuwepo. Wazazi wetu wamekufa. Hao ndio waliokuwepo wote.

Manjano ilianza siku ya tatu, kwanza machoni, halafu usoni, halafu kifuani. Mama jirani alisema ni kawaida, hata watoto wake wawili walikuwa hivyo. "Muanike tu kwa jua la asubuhi. Hiyo kitu inaisha."

Tukamwanika. Ilikuwa mwezi wa kumi, na asubuhi za Eldoret ni baridi hata jua likiwaka. Kwetu mtoto mchanga hatoki nje bila kofia ya sufu, soksi za mikono na za miguu, na shali mbili. Dada alimfunga hivyo, akanipa, nikakaa naye kwenye stuli nje ya mlango. Kilichoonekana ni pua na midomo. Nilikaa nusu saa kila asubuhi, siku tatu, kisha nikaenda kazini.

Kazi yangu ni kuanika mahindi. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, na tangu hapo niko kwa mfanyabiashara anayenunua mahindi ya Moiben yakiwa bado na unyevu. Tunayamwaga juu ya maturubai, tunayasambaza yawe tabaka jembamba, tunayageuza kwa reki ili kila punje ionane na jua. Hiyo kazi naijua.

Siku ya sita mtoto alilala tu. Ukimwamsha alilia sauti nyembamba, na mgongo ukajikunja kwa nyuma. Mama jirani alimfunua kifua, akakibonyeza kwa kidole, akaangalia rangi iliyobaki pale kidole kilipotoka. Hakusema tena kwamba ni kawaida. Alisema, "Ita boda."

Hospitalini muuguzi alizifungua shali mbili mezani, akavua kofia, akavua soksi.

"Mmekuwa mkimfanyia nini huyu?"

"Tumekuwa tukimwanika," dada akasema.

"Akiwa amevaa hivi?"

"Kulikuwa na baridi, sister."

Akanigeukia. "Wewe ndiye baba?"

"Mimi ni mjomba."

"Mjomba unafanya kazi gani?"

"Naanika mahindi."

Akaniangalia. "Na unayaanika yakiwa ndani ya gunia?"

Hakungoja jibu. Alisema hata tungemvua nguo, huyu alikuwa amepita mambo ya jua, alihitaji taa. Akaeleza akiwa anatembea: ile manjano iko kwenye damu na kwenye ngozi. Taa ya buluu ikiipiga inaigeuza, mtoto anaweza kuitoa kwa choo na mkojo. Lakini ni lazima mwanga uguse ngozi. Manjano ikizidi inaingia kwenye ubongo. Inaweza kumuua. Asipokufa, mara nyingi inaanza na masikio.

Walimlaza uchi, nepi peke yake, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Mwanga wa buluu ulimjaa mwili mzima. Dada akaachwa ndani. Mimi na mdogo wetu tukaambiwa tukae kwenye benchi la nje, na shali nikapewa mimi.

Mdogo wetu alikuwa na mtihani wa fizikia kesho yake. Alikuwa amekuja na daftari. Nyumbani mimi ndiye ninayemuuliza maswali kutoka kwa daftari zake, hata ya vitu nisivyoelewa, kwa sababu majibu yameandikwa na mimi najua kusoma. Nikalichukua. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Wimbi ni nini?"

"Ni mtikisiko unaosafirisha nishati bila kusafirisha kitu chenyewe."

"Eleza."

Alichukua shali moja, akanishikisha ncha, akaivuta, akaitikisa mara moja. Nundu ilitembea ikafika mkononi mwangu. "Umeona? Mkono wangu umekufikia. Lakini shali yote bado iko pale ilipokuwa." Mwanamke aliyekaa karibu nasi alisogeza thamosi yake.

"Na ya jua?"

"Hiyo haitaki shali. Haitaki hata hewa. Ndio maana inatoka huko juu mpaka hapa."

"Taja aina zake zote."

Alihesabu kwa vidole: redio, maikrowevu, infraredi, mwanga tunaouona, urujuanimno, eksirei, gama. "Wote ni ndugu. Mahali patupu mbio yao ni moja. Wanatofautiana urefu wa wimbi. Wa kwanza ndiye mrefu kuliko wote, na nguvu yake ndiyo kidogo."

"Wa kwanza."

"Kama wewe. Urefu wa bure."

Siku nyingine ningemrushia daftari. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Mbele yetu kulikuwa na mlango wa eksirei, na taa nyekundu juu yake iliwaka na kuzimika. "Nambari sita yuko humo," akasema. "Nambari moja ni ile redio ya askari wa geti." Alidhani taa ya mtoto ni nambari tano, ile inayounguza ngozi. Muuguzi alipotoka akamuuliza, akaambiwa hapana, ni buluu tu, mwanga wa kawaida. Akaandika pembeni mwa daftari.

Nikamwambia kwamba asubuhi zote tatu nilikuwa nimeweka mkono juu ya shali, na ilikuwa ya moto. Ndiyo maana nilijua jua linaingia.

Aliigusa shali magotini mwangu. "Hiyo joto ndiyo mwanga wenyewe, kaka. Umeishia hapo. Shali iliumeza."

Nikamuuliza swali lililofuata.

Saa nane daktari alisema taa peke yake haitawahi. Damu ya dada na ya mtoto hazikupatana, ndiyo sababu manjano ilipanda haraka hivyo. Wangemtoa mtoto damu kidogo kidogo kwa sindano na kumwekea nyingine. Ilitoka kwenye friji yao, ya mtu tusiyemjua. Baadaye wakamwongezea chupa ya pili. Watu wananiuliza nilihisi nini. Nilizikunja zile shali, nikazikunjua, nikazikunja.

Aliishi. Baada ya miezi mitatu tulimpeleka kupimwa masikio. Waliingiza kitu kidogo sikioni, kikatoa sauti, kisha kikasikiliza kama sikio litarudisha yake. Mdogo wetu alisema sauti nayo ni wimbi, ila si la ule ukoo, hii haisafiri mahali patupu. Sikio la kulia lilijibu. La kushoto halikujibu. Walilipima mara tatu.

"Ni zile siku tatu?" dada akauliza.

Mpimaji alisema hilo hakuna anayeweza kulijua. Dada alimfunga mtoto mgongoni. Hajaniuliza mimi swali hilo.

Chupa mbili za damu zilizotumika, hospitali ilituomba tuzirudishe, watu wawili wa kwetu wakitoa yao. Dada ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Mdogo wetu uzito haukufika. Mama jirani ana presha. Nilitoa moja wiki ileile, nikaambiwa ya pili ingoje miezi mitatu, kwa hivyo siku ya masikio nilipitia pale. Walinichoma kidole wakasema damu yangu iko chini, nile maini na mboga, nirudi baada ya mwezi. Nikarudi baada ya mwezi. Ilikuwa bado chini. Wakaniambia nirudi tena. Chupa moja sijairudisha.